Siku moja Lisbon pamoja na mama, na dhahabu ya Kilwa

SWALI: Mimi na mama yangu tutapitia Lisbon mwezi wa Mei tukitoka kumtembelea kaka yangu nchini Ufaransa. Tutafika Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa alfajiri, kwa hiyo tuna Alhamisi nzima. Orodha ninazozisoma zinataja ngome, makanisa, tramu ya manjano, mji wa Sintra na mengine chungu nzima, nami nimechanganyikiwa. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na sisi ni Waislamu. Jambo la pili: mwalimu wetu wa historia pale Kilwa Masoko alituambia kwamba Wareno walitengeneza chombo cha kanisa kwa dhahabu iliyotoka Kilwa. Ni kweli au ni hadithi tu? Na kama ni kweli, kiko wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloipanga siku yenu. Mwalimu wenu alisema kweli. Chombo hicho kipo, kimehifadhiwa Lisbon, na jina la Kilwa limeandikwa juu yake kwa herufi ambazo hata asiyejua neno moja la Kireno atazisoma. Kimo katika Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, yaliyoko katika barabara ya Rua das Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na mtaa wa Belém. Wageni wengi wa siku moja hupita chini ya jengo hilo wakiwa ndani ya tramu, macho yao yakielekea mtoni, wala hawajui wanaacha nini. Ninyi shukeni hapo. Ushauri wangu ni kwamba siku yenu ifuate mto na bahari: asubuhi Belém, mchana makumbusho, alasiri na jioni mji wa zamani, na mengine myaache bila majuto.

Nitaje kwanza ya kuacha, maana hayo ndiyo yanayoharibu siku za watu. Sintra ni mji mzuri wenye makasri juu ya vilima, lakini treni ya kutoka stesheni ya Rossio huchukua takriban dakika 40 kwenda tu, na ukishafika unakuta milima, foleni na mabasi ya kugombania. Sintra inataka siku yake peke yake. Tramu namba 28, ile ya manjano inayopigwa picha na kila mtu, ni usafiri wa kawaida wa wakazi uliogeuzwa kivutio. Foleni ya pale Martim Moniz, uwanja inakoanzia, inaweza kula saa nzima, ndani mnasimama mkibanana, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ngome ya São Jorge iko kileleni, ina ngazi na mawe yasiyolingana, na sehemu kubwa ya sura yake ya leo ni kazi ya ukarabati wa 1938 hadi 1940. Mandhari mtakayoyaona kutoka huko mtayaona pia kutoka roshani za chini yake, bila kiingilio na bila kumtesa mama. Lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa 1902, itazameni kutoka barabarani, kwa sababu urembo wake uko nje. Ama zile tramu za mteremko zinazopandisha watu vilimani, msizitegemee: baada ya ajali ya Elevador da Glória ya tarehe 3 Septemba 2025, iliyoua watu 16, huduma yake si ya kupangia siku.

Kuhusu usafiri, nunueni kadi mbili za Navegante kwenye mashine za stesheni ya metro, kila mtu yake, kisha mzijaze tiketi ya saa 24 inayotumika kwenye metro, basi na tramu za mji. Bei ya tiketi hiyo huwa karibu euro 7 kwa mtu mmoja, na kadi yenyewe ni senti 50. Saa 24 huhesabiwa tangu mnapoigusisha kadi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mkiianza Alhamisi asubuhi itawatosha hadi usiku.

Tokeni mapema, ili saa tatu asubuhi muwe Belém. Mnaweza kwenda kwa tramu namba 15, au kwa treni ya Cascais inayoondokea stesheni ya Cais do Sodré, ambayo hufika kwa dakika chache na huwa na nafasi ya kukaa zaidi. Kwa kuwa monasteri hufunguliwa saa tatu na nusu, itumieni nusu saa ya kwanza kwa kifungua kinywa katika duka la Pastéis de Belém, ambalo limekuwa likioka vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837. Foleni mtakayoiona mlangoni ni ya wanaobeba na kuondoka. Ipiteni, muingie ndani, na mtakuta kumbi kadhaa zenye meza, kuta zake zikiwa na vigae vya buluu na nyeupe. Kitobosha huletwa kikiwa moto, ganda lake likivunjika kwa tabaka, nawe hunyunyizia mdalasini na sukari ya unga mwenyewe. Kwa ninyi kuna jambo la kuuliza kila mahali penye keki na maandazi nchini Ureno: baadhi ya waokaji hutumia mafuta ya nguruwe, yanayoitwa banha. Swali lenyewe ni fupi, “Leva banha?”, na wahudumu wamezoea kuulizwa.

Monasteri ya Jerónimos iko hatua chache kutoka hapo. Mfalme Manuel I aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 16 mahali ambapo Vasco da Gama aliondokea tarehe 8 Julai 1497, na ujenzi wake uligharimiwa kwa kiasi kikubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Kwa hiyo mnapoyatazama mawe yale meupe ya chokaa, yaliyochongwa kamba za meli, mafundo, majani na wanyama wa baharini, kumbukeni kwamba bahari haikuchongwa pale kwa mapambo tu. Ndiyo iliyolipa mafundi. Wajenzi wakuu wa awali walikuwa Diogo de Boitaca, kisha João de Castilho, na mtindo wao leo huitwa kwa jina la mfalme huyo.

Kanisa limekuwa halina kiingilio kwa miaka mingi, ilhali ua wa ndani wa watawa unalipiwa. Mwislamu anayeingia kama mgeni hana la kuogopa hapo: hakuna anayetazamiwa kushiriki ibada, hijabu si tatizo, na ikiwa misa inaendelea mtaombwa tu kungoja. Baada ya kupita mlango, upande wa kushoto lipo kaburi la Vasco da Gama na upande wa kulia la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake wa 1572 unaisimulia safari hiyo na kuzitaja Mombasa na Malindi. Makaburi yote mawili ni kazi ya karne ya 19, zama ambazo Ureno ilihitaji sana kukumbushwa ukuu wake wa zamani. Da Gama mwenyewe alifia Cochin, nchini India, mwaka 1524. Simameni hapo dakika tano; mama yako atakuwa na lake la kusema. Ua wa ndani ni mzuri kweli, na Mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya ulitiwa saini tarehe 13 Desemba 2007 katika monasteri hiyohiyo, lakini mkikuta foleni ya tiketi imezunguka uwanja, nasema kanisa linatosha. Mkitaka ua huo kwa vyovyote vile, nunueni tiketi ya saa maalumu kwenye mtandao kabla ya kusafiri, na mama abaki ghorofa ya chini, ambako nakshi zote kubwa zinaonekana.

Vukeni barabara kwa njia ya chini ya ardhi mwende ukingoni mwa mto. Mnara mkubwa wenye umbo la pua ya meli ni Padrão dos Descobrimentos. Ulisimamishwa kwanza 1940 kwa ajili ya maonyesho ya serikali ya dikteta Salazar, ukajengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati makoloni mengine ya Afrika yalipokuwa yakipata uhuru na Ureno ikikataa kuyaachia ya kwake. Msilipe kupanda juu. Kilicho muhimu kiko chini ya miguu yenu: dira kubwa ya mawe yenye kipenyo cha mita 50 pamoja na ramani ya dunia katikati yake, zawadi ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi. Tembeeni juu ya ramani hiyo hadi pwani ya Afrika Mashariki, na msome miaka iliyoandikwa kando ya bahari. Ni ramani inayosema kila mahali Mreno alipofika na haisemi ni nani aliyekuwa mwenyeji hapo.

Mnara wa Belém uko mwendo wa takriban kilomita moja zaidi upande wa magharibi. Ulijengwa kati ya 1514 na 1519 chini ya Francisco de Arruda kuulinda mlango wa mto. Ni mzuri kutazamwa kutoka nje. Ndani kuna ngazi nyembamba ya mzunguko ambayo haimfai mwenye magoti mabovu. Kama mama amechoka, uangalieni kwa mbali na mwendelee na safari.

Sasa tufike kwenye kiini cha siku. Kutoka Belém pandeni basi namba 714, si tramu. Tramu namba 15 itawashusha barabara ya chini, na kutoka hapo kuna ngazi ndefu za kupanda hadi kwenye makumbusho, lakini basi hupita mbele ya jengo. Makumbusho haya yalifunguliwa 1884, hufungwa Jumatatu, na siku nyingine huwa wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Yana lifti, yana viti katika kumbi zake, na bustani ya nyuma yenye mgahawa inatazama bandari. Mkifika karibu saa saba mchana, kuleni kwanza bustanini. Jueni pia kwamba adhuhuri huingia huko karibu saa saba na nusu katika mwezi wa Mei, na alasiri baada ya saa kumi na moja, kwa hiyo msitumie saa za Dar es Salaam kichwani mwenu.

Chombo chenyewe huitwa Custódia de Belém. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyesha Ekaristi Takatifu mbele ya waumini. Kina kimo cha sentimita 73, nacho ni cha dhahabu iliyopakwa rangi za kioo kilichoyeyushwa. Watu hukaribia wakitazama juu, kwenye vinara vidogo vilivyochongwa kama paa la kanisa. Ninyi anzeni chini. Kitako chake kimejaa ndege, maua, matunda na konokono wa rangi, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko ukucha au kuuzidi kidogo, na ukingoni mwa kitako hicho maandishi yanazunguka. Zungukeni nayo. Yanasema kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu na kodi za Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Tafuteni herufi QVILVA. Siku hizo V na U ziliandikwa kwa umbo moja. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, elfu yake ikiwa imeachwa, kwa hiyo mtaona CCCCCVI.

Pandisheni macho taratibu. Shingoni mwa chombo kuna matufe sita yenye pete, mfano wa kifaa cha kusomea mienendo ya nyota, ambalo Manuel alilifanya nembo yake binafsi. Juu yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakiizunguka sehemu ya kioo, kila mmoja akiwa na uso na vazi lake, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe ambaye hutikisika chombo kinapobebwa. Kazi hii hunasibishwa na sonara Gil Vicente, na wanazuoni wamebishana kwa muda mrefu kama ndiye yule yule mwandishi wa michezo ya kuigiza mwenye jina hilo. Mfalme aliiachia chombo hicho kwa wosia monasteri ya Jerónimos, ile mliyotoka asubuhi, na ndiyo maana kinabeba jina la Belém ingawa hakiko tena Belém.

Dhahabu ilifikaje huko? Msomaji wa Kilwa anastahili jibu kamili kidogo kuliko kibao cha ukutani. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuishika biashara hiyo ya Sofala. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake. Meli za Mreno Pedro Álvares Cabral zilipofika mwaka 1500 hawakuafikiana kibiashara. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi akiwa na msafara mkubwa wenye mizinga, akamtisha Amir Ibrahim, aliyekuwa ameshika utawala, kwamba mji utapigwa, na akamlazimisha akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya kila mwaka. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1500 za dhahabu, mithkali ikiwa kipimo cha zamani cha uzito. Da Gama aliifikisha Lisbon mwaka 1503, na mfalme akaamua isiyeyushwe kuwa sarafu kama dhahabu nyingine, bali itengenezwe chombo cha kumshukuru Mungu.

Jambo ambalo maandishi ya kitako hayalisemi ni hili: sonara alipokuwa akimalizia kazi yake, mji uliolipa ulikuwa umekwisha kuvamiwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari Kilwa, wakaupora mji, wakamweka mtawala waliyemtaka na kujenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 waliiacha, biashara ikiwa imeharibika na wenyeji wakiwa wameelekeza mali zao kwingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, na monasteri ya Jerónimos mwaka 1983. Mimi hupenda kuwaambia wageni kutoka pwani wasiharakishe mbele ya kabati hilo. Wengine hukasirika, wengine hujivuna kwamba jina la kwao limekaa mahali pa heshima, na wengi huwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Mkiwa bado na nguvu, tazameni vitu viwili vingine katika jengo hilo. Viwambo vya Kijapani vya karibu mwaka 1600 vinaonyesha meli ya Wareno ikishusha mizigo, na miongoni mwa mabaharia mtawaona watu weusi, baadhi yao wakipanda kamba za mlingoti. Kuna pia vinyago na vyombo vya pembe za ndovu vilivyochongwa na mafundi wa Afrika Magharibi kwa ajili ya meza za Ulaya. Mchoro wa Bosch, mchoraji wa Uholanzi wa zamani, unaovutia umati, unaweza kungoja safari nyingine.

Mtaa unaolizunguka jengo hilo nao una habari zake. Miteremko hiyo iliitwa Mocambo katika karne ya 16 na 17, na Waafrika wengi, watumwa na walioachwa huru, waliishi huko. Inakadiriwa kwamba takriban mkazi mmoja kati ya kumi wa Lisbon ya karne ya 16 alikuwa wa asili ya Afrika. Si mbali na hapo ipo barabara inayoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani barabara ya kisima cha weusi. Mwaka 1515 Manuel I, mfalme yuleyule wa monstransi, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa. Leo barabara hiyo ina migahawa ya kahawa, na jina limebaki ukutani. Kwa miguu kuna mlima kidogo. Mkichukua teksi kutoka makumbusho, mwombe dereva aipitie.

Teksi hiyo naipendekeza kwa sababu nyingine pia. Kutoka makumbusho, badala ya kupanda Alfama kwa miguu kama vitabu vinavyoshauri, mwambieni dereva awafikishe Portas do Sol, roshani iliyo juu ya mtaa huo. Mkianzia juu, safari yote iliyobaki itakuwa ya kuteremka kisha tambarare. Mtakutana na bajaji za umeme za watalii zikipigania abiria. Ni za starehe, lakini bei yake iulizeni kabla ya kukaa, kwa maana ni mara kadhaa ya teksi.

Kutoka Portas do Sol mtaona mapaa mekundu yakishuka hadi mtoni, na hatua chache tu kutoka hapo, mahali tambarare, kuna bustani ndogo ya Santa Luzia. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa lake mna michoro miwili ya vigae ambayo watu hugeuzia mgongo ili wapige picha za mto. Mmoja unaonyesha uwanja mkuu wa mji ulivyokuwa kabla ya tetemeko la 1755; mwingine unaonyesha vita vya 1147, pale Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, na wapiganaji wa msalaba walipouteka mji huu kutoka kwa Waislamu, waliokuwa wameutawala tangu karne ya 8. Vichochoro vilivyo chini yenu vilipangwa wakati wa utawala huo wa Waislamu, na ndiyo maana mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hapotei Alfama kwa urahisi. Msiingie humo kwa ngazi. Kushuka ngazi huumiza magoti kuliko kupanda. Fuateni barabara yenye reli za tramu, ambayo huteremka bila ngazi hadi kanisa kuu, Sé, lililoanza kujengwa baada ya utekaji huo. Uchimbaji uliofanywa uani mwake umefichua mabaki ya majengo ya zama za Kiislamu chini ya sakafu ya Kikristo.

Kabla ya kushuka, kama mama anataka kupumzika, kaeni Santa Luzia hadi saa kumi na moja. Jua la Mei huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, kwa hiyo hakuna haraka yoyote, ingawa upepo wa mto hupoza mwili ghafla na mtandio wa ziada utawafaa.

Mkifika chini mtatokea Baixa, sehemu tambarare yenye barabara zilizonyooka. Unyoofu huo ulizaliwa na maafa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa, tetemeko liliuangusha mji. Waliokimbilia ufukweni wakakutana na wimbi la bahari, na moto ukaendelea kwa siku kadhaa. Jamaa ya mfalme ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imetoka kwenda Belém, na baada ya siku hiyo Mfalme José hakutaka tena kulala chini ya paa la mawe, akajengewa makao ya mbao na mahema kilimani Ajuda. Waziri wake, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, aliijenga upya sehemu hii kwa mpango mmoja, na ndani ya kuta za majengo yake mafundi walificha fremu za mbao za kuhimili mitikisiko. Uwanja wa Praça do Comércio, wenye sanamu ya José ya mwaka 1775, ulikuwa mahali pa kasri la kifalme na pa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi. Nyaraka za ofisi hiyo ziliangamia siku ile, na sehemu ya historia ya pwani yetu ya karne ya 16 ikaangamia nazo.

Tembeeni polepole kwenye Rua Augusta, isiyo na magari, hadi uwanja wa Rossio, kisha mkate kulia hadi Largo de São Domingos. Angalieni miguu: vijiwe vyeupe vya njia za Lisbon huteleza hata vikiwa vikavu, kwa hiyo viatu vyenye soli ya mpira ni lazima kwa mama. Ndani ya kanisa la São Domingos mtaona nguzo zilizoungua na kupasuka katika moto wa 1959, ambazo hawakuzirekebisha kwa makusudi. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati mwezi wa Aprili 1506, mwaka uleule uliosomwa kwenye kitako cha dhahabu. Na katika uwanja huohuo, kila siku, Waafrika wa Guinea-Bissau na nchi nyingine hukutana kupiga soga na kuuza njugu za kola.

Kwa chakula cha jioni endeleeni dakika chache hadi Martim Moniz na barabara ya Rua do Benformoso. Huko kuna migahawa mingi ya Wabangladeshi na Wapakistani yenye nyama halali, bei zake ni nafuu kuliko za Baixa, na misikiti midogo ya mtaani ipo jirani. Msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa 1985 karibu na Praça de Espanha, ulianzishwa na jumuiya ambayo wengi wake walitoka Msumbiji na Guinea. Mkipendelea samaki wa kuchoma katika mgahawa wa Kireno, ombeni “sem porco”, yaani bila nguruwe, kwa sababu hata supu ya sukuma ya kienyeji huwekewa kipande cha soseji. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani kabla hamjaagiza vitalipiwa mkivigusa. Kama hamvitaki, mwambieni mhudumu aviondoe mara moja.

Mwisho, Ijumaa yenu. Metro hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwa ndege ya alfajiri huo ni muda uliochelewa. Wekeni oda ya teksi usiku kupitia mapokezi ya hoteli. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, hivyo saa hiyo safari haizidi dakika 20 kutoka Baixa; nauli ni ya mita, na mizigo ya buti ina nyongeza ndogo ambayo ni halali kutozwa.